Maswali mnayoniuliza mara kwa mara: ushauri nasaha baada ya kiwewe, kwa vijana na watu wazima wa Unguja na Pemba

Maswali haya yametoka kwa watu wanaokuja kwangu, kwa wazazi wanaopiga simu usiku watoto wakishalala, kwa walimu wa skuli na wa vyuo vya Kurani, na kwa masheha. Nimeyaacha karibu na maneno yao. Kama jambo lako limetokea leo, jana au juzi, usisome kwa mpangilio: nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho, "Mambo ya dharura".

## Mambo ya mwanzo

Kiwewe ni nini khasa? Nitajuaje kama ninacho?

Kiwewe ni athari inayobaki mwilini na moyoni baada ya mtu kupatwa na jambo lililomzidi nguvu: kubakwa, kupigwa, kunusurika ajali, kushuhudia kifo kibaya, au kulelewa kwenye nyumba ambayo kila jioni mtu husikiliza mlango kwa hofu. Ukubwa wa tukio machoni pa watu hautoshi kueleza athari zake. Inategemea pia kama wakati ule ulikuwa na pa kukimbilia, na kama baadaye alitokea mtu wa kukuamini.

Wachache huja wakisema "nina kiwewe". Wengi husema: silali. Moyo unanienda mbio bila sababu. Mlango ukigongwa kwa nguvu naruka. Nawafokea watoto kisha najifungia nalia. Sihisi chochote, hata harusi ya mdogo wangu haikunigusa. Wapo wanaozunguka hospitali kwa kichwa, tumbo na mgongo, na vipimo kila mara vinatoka safi. Wapo wanaokwepa njia fulani, nyumba fulani, jina fulani.

Wiki za mwanzo baada ya tukio zito ni kawaida kuwa na mengi ya haya, na walio wengi hutulia wakipata usalama na watu wao wa karibu. Yakizidi mwezi mmoja na yakakuzuia kulala, kusoma, kufanya kazi au kuishi na watu, njoo tuzungumze.

Yamepita miaka mingi. Kwa nini mwili wangu haujui kuwa yamekwisha?

Kwa sababu sehemu ya ubongo inayolinda uhai haihesabu miaka. Kazi yake ni kunasa ishara ya hatari na kuuamsha mwili kabla hujapata kufikiri: adrenalini inamwagika, moyo unapiga haraka, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi. Ni kama mlinzi wa usiku aliyewahi kuvamiwa. Tangu siku ile hata paka akipita ukutani anapuliza filimbi. Mlinzi huyo si mbaya wala si mwendawazimu. Alijifunza kazi yake kwa gharama kubwa.

Ishara yenyewe huwa ndogo mno. Kwa watu wengi wa Pemba harufu ya karafuu mbichi zikianikwa juu ya majamvi ni harufu ya utotoni, inatuliza. Lakini mtoto aliyedhurika kambini msimu wa uchumaji anaweza kufika umri wa kuwa na wajukuu na bado harufu hiyo hiyo ikamkata pumzi, asijue kwa nini, akadhani ana pumu.

Kwa nini sikupiga kelele? Kwa nini sikukimbia?

Swali hili ndilo linaloumiza watu kuliko tukio lenyewe, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Mwili ukikutana na hatari una njia zaidi ya mbili. Hupigana, hukimbia, na pale unapoona kupigana na kukimbia hakutafaa, huganda. Sauti haitoki, mikono haiinuki, wengine huhisi kama wanajitazama kutoka darini. Mtu haamui kuganda. Hutokea kwa kasi kuliko mawazo, na hutokea kwa wanawake, wanaume na watoto, kwa wenye nguvu na kwa wanyonge. Kunyamaza kwa namna hiyo si kukubali.

Wapo pia waliojichekesha, waliotii, waliomwandalia chai mtu aliyewadhuru asubuhi yake kwa sababu walikuwa wakiishi naye nyumba moja. Huko nako ni kujilinda. Na wapo ambao mwili wao ulionyesha dalili za raha wakati wanadhalilishwa, wakabeba aibu hiyo maisha yao yote. Dalili hizo hujitokeza zenyewe, kama jasho au chafya, hazina uhusiano na ridhaa. Uliyafanya uliyoyaweza, ukabaki hai. Lawama ni ya aliyetenda, yote.

Kuja kwako maana yake mimi mgonjwa wa akili?

Hapana. Na kama ungekuwa mgonjwa, isingekuwa aibu. Wanaotibiwa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu ni jamaa zetu, na wengi hupata nafuu wakarudi kazini. Mimi ni mshauri nasaha, nakaa na mtu tunazungumza na kufanya mazoezi. Nikiona unahitaji daktari nitakwambia wazi, na nitaendelea kuwa nawe.

Unasema unampokea mtu alivyo. Ina maana unakubali kila kitu?

Nampokea mtu, na naamini kwamba mengi anayoyaita "kasoro zangu" yalianza kama njia ya kuokoka. Swali ninalouliza ni "umepatwa na nini?", wala si "una matatizo gani wewe?". Anayekunywa ili alale, anayepiga watoto wake, anayejikata, nitamsaidia kuacha, kwa sababu yanamdhuru yeye au wengine. Lakini sitamdhalilisha ili aache. Aliyedhalilishwa hatibiwi kwa kudhalilishwa tena.

Lazima nisimulie yaliyonipata?

Si lazima. Si siku ya kwanza, na pengine si siku yoyote. Watu wengi wanakaa nyumbani miaka kwa kuogopa jambo hili moja, na ningependa waondokane na hofu hiyo leo.

Aliyekuumiza alikunyang'anya uamuzi. Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ni kukurudishia: uamuzi wa kusema au kutosema, kukaa au kuondoka, kwenda haraka au pole pole. Kumlazimisha mtu amwage kila kitu mara tu baada ya tukio hakusaidii, na Shirika la Afya Duniani linashauri njia hiyo isitumike. Tunaweza kufanya kazi kubwa juu ya usingizi, hofu na hasira bila wewe kutaja hata jina la mtaa ilikotokea. Ikifika siku unataka kusimulia, tutakuwa tumeshajifunza namna ya kusimama katikati ya sentensi na kupumzika.

Siku ya kwanza inakuwaje?

Unachagua kiti. Kimoja kiko karibu na mlango, na mlango haufungwi kwa ufunguo. Ukipenda uje na dada, somo yako au rafiki, njoo naye. Nitakuuliza nikuiteje, Bi au Bwana nani, au jina tu. Nitakueleza habari ya siri na mipaka yake, kisha nitakuuliza kitu gani kikipungua kidogo maisha yatakuwa mepesi. Sikugusi, hata mkono, bila ya kukuuliza. Dakika hamsini, basi. Usiporudi sitakufuata wala sitakasirika.

## Siri, muhali na familia

Visiwa hivi vidogo, sote twajuana. Siri yangu itakaa?

Itakaa. Sitamwambia mumeo, mkeo, mama yako, sheha wala mwajiri. Tukikutana Darajani sitakusalimia mpaka wewe uanze, na ukianza nitakuitikia kama mtu yeyote wa mtaani. Daftari langu lina herufi na tarehe, halina majina kamili. Na kama mimi ni jamaa yako, au nakaa jirani na aliyekudhuru, nitakwambia mapema ili uchague kama unataka mshauri mwengine.

Ni lini utalazimika kusema?

Mambo matatu. La kwanza, mtoto yuko hatarini au amedhalilishwa. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya 2011, inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, na hapo sina ruhusa ya kunyamaza. La pili, maisha yako yako hatarini sasa hivi. La tatu, umepanga kumdhuru mtu. Hata hapo, nitakwambia wewe kwanza kabla sijamwambia mtu mwengine, tutapanga pamoja nani aambiwe na aambiwe nini. Nje ya hayo, hakuna.

Familia imeshakaa kikao, imesuluhisha. Kwa nini bado nataabika?

Kwa sababu kilichosuluhishwa ni ugomvi wa wakubwa, wewe hukuulizwa.

Nafahamu muhali wetu. Aliyetenda ni ami, au mume wa shangazi aliyekusomesha, au mwalimu aliyesomesha mtaa mzima Kurani. Kumshitaki ni kuvunja nyumba mbili. Wazee wanakaa, pesa zinatoka, Fatiha inasomwa, na Ijumaa mtu yule yule anakaribishwa chakula mbele yako. Sitara ni jambo jema, naipenda na nimelelewa nayo. Lakini sitara ni kumfunika aliyeumizwa. Kumfunika aliyeumiza ili apate nafasi ya mtoto mwengine ni jambo jengine kabisa, na nalisema bila kuuma maneno mbele ya wazee wowote.

Kwa mtu mzima, kushitaki ni uamuzi wake. Sitakushinikiza upande wowote. Ukitaka, yapo madawati ya jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, na Zanzibar ina mahakama maalumu ya makosa ya udhalilishaji. Kwa mtoto, tazama jibu lililotangulia: kikao cha familia hakifuti wajibu wangu. Na iwe kesi ipo au haipo, unastahiki kupona. Watu hupona hata pale haki haikupatikana, japo ni kazi ngumu zaidi na sitaki kukudanganya.

Nikionekana naingia kwako watu watasemaje?

Baadhi huniona kwenye kituo cha afya siku za kliniki, ambapo kila mtu ana sababu ya kuwepo. Wengine tunazungumza kwa simu. Chagua linalokufaa.

## Vijana na wazazi

Mwanangu amebadilika. Nitajuaje kuwa si utundu wa ujana?

Ujana huleta ubishi, kulala sana na kujifungia na simu. Kinachonishtua ni mabadiliko ya ghafla: aliyekuwa wa kwanza darasani ameporomoka muhula mmoja, amerudi kukojoa kitandani, hataki tena kwenda chuoni au kwa jamaa fulani na hasemi kwa nini, ana pesa au simu asiyoweza kuieleza, anavaa mikono mirefu muda wote hata nyumbani kwenye joto la kaskazi, anazungumzia kufa. Moja pekee si ushahidi. Mawili matatu pamoja, usingoje.

Usianze na bakora wala mahojiano. Fanyeni kazi ya mikono pamoja, kukuna nazi, kuchambua mchele, kuosha vespa, kisha sema sentensi moja: "Naona hauko kama zamani. Sikasiriki. Ukiwa tayari, niko hapa." Kisha nyamaza. Vijana husema mengi wakiwa hawatazamwi usoni.

Nikimleta, utaniambia anayokwambia?

Nitakwambia yanayohusu usalama wake na namna ya kumsaidia nyumbani. Maneno yake yenyewe, hapana, isipokuwa akiniruhusu. Najua inauma kwa mzazi aliyembeba na kumlea. Lakini kijana akishajua kuwa maneno yanavuja, ataniletea yale unayopenda kuyasikia, na sote watatu tutakuwa tunapoteza wakati. Mara nyingi mwisho wake ni yeye mwenyewe kukwambia, mimi nikiwa nimekaa pembeni.

Hataki kuja.

Usimburute. Njoo wewe. Mzazi akitulia na akajua la kufanya, nusu ya kazi imefanyika.

Mimi nina miaka kumi na sita. Naweza kuja bila wazee kujua?

Njoo mara moja tuzungumze. Kuendelea kwa muda mrefu nitahitaji mtu mzima mmoja anayejua, lakini si lazima awe baba au mama kama nyumbani ndiko kwenye hatari. Anaweza kuwa bibi, shangazi, mwalimu unayemwamini, au afisa wa ustawi wa jamii. Kama huwezi kutoka, piga 116, simu ya huduma kwa mtoto. Inafanya kazi Bara na Zanzibar na hailipiwi.

Mwalimu wangu anasema bila bakora mtoto haharibikiwi tu, anaangamia. Wewe wasemaje?

Nasema mtoto aliyekwisha kuumizwa akipigwa hajifunzi somo, anajifunza kuogopa sauti ya viatu. Ubongo ulio katika hofu hauhifadhi hesabu wala aya. Kwa walimu niliokaa nao, jambo lililoleta mabadiliko ya haraka lilikuwa dogo: kumwita mtoto pembeni kwa jina na kumuuliza amelalaje na amekula nini, kabla ya kumuuliza kwa nini amechelewa.

## Dini, mashetani na dawa

Haya hayaendi kinyume na dini yangu?

Sioni vipi. Wanaokuja kwangu wengi ni wenye kusali, na sala, dhikri na jamaa wa msikitini ni katika nguvu kubwa walizonazo. Sitakwambia uache wala uongeze. Wewe ndiye unayejua. Linalonihuzunisha ni pale mtu anapoambiwa kwamba huzuni yake ni udhaifu wa imani. Mtume Yakubu alilia juu ya Yusufu mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna aliyesema imani yake ni pungufu.

Nyumbani wanasema nina shetani. Niende kwa mwalimu au nije kwako?

Huhitaji kuchagua. Ukisomewa na ukanywa kombe, na ukatoka pale umetulia, alhamdulillahi, endelea. Nitakuuliza tu umesikiaje baada yake. Mipaka yangu ni mitatu: usipigwe, usifungwe minyororo, usiachwe peke yako chumbani na mtu anayetaka kukugusa kwa jina la matibabu. Na kama daktari amekupa dawa, kifafa au sukari au yoyote, usiache dawa hizo kwa kuambiwa zinamkasirisha shetani.

Kijana anayeanguka na kubadilika sauti kila inapotajwa ndoa yake, kwa mfano, mwili wake unasema jambo ambalo mdomo haukuruhusiwa kulisema. Iitwe kwa jina lolote, nataka nimsikilize.

Usiku nahisi kitu kimenikalia kifuani, macho yako wazi lakini siwezi kujigeuza.

Hilo ndilo jinamizi, na hutokea duniani kote. Akili imeamka, misuli bado imo usingizini, na kwa sekunde kadhaa mtu huona au husikia kitu cha kutisha chumbani. Huwapata zaidi wenye usingizi wa kukatika, wenye hofu na wanaolala chali. Wenye umri wanakumbuka 1995, zama za Popobawa, namna watu wa Pemba na kisha Unguja walivyolala nje kwa makundi. Sicheki hata kidogo nikielezwa habari hizo. Hofu ilikuwa ya kweli na miili iliteseka kweli.

La kufanya: lala ubavu, saa zile zile kila siku, na likija usishindane nalo kwa mwili mzima. Jaribu kusogeza kidole kimoja cha mguu. Huachia upesi.

Utanipa dawa za usingizi?

Sina mamlaka ya kuandika dawa. Daktari anaweza, na zipo zinazosaidia. Jihadhari na vidonge vya kutuliza mnavyopeana majumbani, diazepamu na jamaa zake: Shirika la Afya Duniani linashauri visitumike kutibu mshtuko katika mwezi wa kwanza, na mwili huvizoea haraka ukashindwa kulala bila navyo. Mwezi wa Ramadhani usijibadilishie mwenyewe saa za dawa. Muulize daktari kabla ya Shaaban kwisha.

## Tunavyofanya kazi

Basi tunafanya nini, kama sisimulii?

Kwanza usalama: usingizi, chakula, pa kulala, nani anakutisha sasa hivi, na mazoezi ya kuutuliza mwili. Kwa mtu ambaye bado anapigwa nyumbani, hatua hii ndiyo kazi yote, na siipiti. Baadaye, ukitaka, tunaligusa tukio lenyewe kidogo kidogo. Zipo njia mbili zenye ushahidi mzuri ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2013. Moja ni tiba ya fikra na vitendo iliyolenga kiwewe, ambapo tunachunguza mawazo kama "ni kosa langu" na kukaribia taratibu yale unayoyakwepa. Ya pili huitwa EMDR, iliyoanzishwa na Francine Shapiro wa Marekani miaka ya mwisho ya 1980. Mtu hushika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kitu kinachokwenda kushoto na kulia, na haimhitaji aeleze mengi. Mwisho ni kurudi kwenye maisha: kazi, ndoa, masomo, mpira, taarabu.

Nipe kitu cha kufanya leo usiku.

Chukua karafuu moja kavu, ikiwa harufu yake haikuletei mabaya. Kama inakuletea, tumia ganda la ndimu au mchaichai. Keti chini, mgongo ukutani, nyayo zote mbili kwenye sakafu. Iweke karafuu kati ya kidole gumba na cha shahada, uizungushe. Sikia kichwa chake cha mviringo, sikia kijiti chake kinavyokwaruza. Iponde kidogo kwa ukucha mpaka mafuta yatoke. Inuse. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya saba, pole pole, kana kwamba hutaki mtu asikie. Taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani: feni, kanga, ndoo, msala, ufa wa dari. Taja tarehe ya leo na mahali ulipo. Rudia pumzi mara sita au saba.

Pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayouambia moyo upunguze mwendo. Fanya zoezi hili ukiwa mzima, kila siku, ili siku ya hofu mwili uwe unalijua. Na ukiona kufumba macho kunakuzidishia, yaache wazi.

Itachukua muda gani?

Aliyepata tukio moja ukubwani, na ana watu wa kumshika, mara nyingi miezi michache. Aliyeumizwa tangu utotoni na watu wake mwenyewe, zaidi, na kwa vipindi.

Sina pesa.

Niambie. Tutapanga kwa unachoweza, au nitakuelekeza kwenye huduma za bure. Ipo pia njia ya Benchi la Urafiki, iliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe mwaka 2006 kwa kuwafunza mabibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi na kutatua tatizo moja kwa wakati. Imefika mpaka Zanzibar, na kwa huzuni na wasiwasi wa kawaida inasaidia sana.

## Hali za pekee

Niliokoka kwenye ajali ya meli. Mpaka leo siwezi kupanda boti, na mama yangu yuko Pemba.

Tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikienda Pemba, na tarehe 18 Julai 2012, Skagit ilipozama karibu na Chumbe, ni nadra kupata ukoo usioguswa. Wapo waliookoka, wapo waliopokea maiti ufukweni, wapo ambao jamaa zao hawakuonekana tena na kwa hiyo hawakupata kaburi la kuzuru. Hao wa mwisho nawaomba waje hata kama "hawakuwemo".

Kwa anayeogopa boti tunapanga ngazi, na wewe ndiye unayezipanga. Ngazi ya chini huenda ikawa kukaa Forodhani jioni ukitazama maji kwa muda wa kula urojo. Kisha kuingia majini mpaka magotini. Kisha kusimama nje ya bandari ya Malindi ukisikia honi bila kuingia. Kisha kuingia, kuuliza nauli, kurudi nyumbani. Kisha kupanda chombo kilichofungwa gatini na kuvaa koti la kuokolea, kulifunga na kulifungua wewe mwenyewe mpaka vidole vizoee. Safari ya Mkoani, bandari ya Pemba, ni ngazi ya juu, na huifanyi kwa mara ya kwanza wakati wa kusi bahari ikichafuka. Kila ngazi unabaki mpaka hofu ipungue yenyewe; ukiondoka ikiwa juu, mwili unajifunza kuwa kukimbia ndiko kulikokuokoa. Wapo wanaofika Mkoani. Wapo wanaosimama kwenye ngazi ya tano na kumleta mama Unguja. Yote mawili ni sawa kwangu.

Niko edani. Naweza kupata huduma?

Ndiyo. Miezi minne na siku kumi ni mirefu kwa mtu mwenye hofu ndani ya nyumba. Nitakupigia simu, au mshauri mwanamke atakuja kwako. Mambo ya kutoka nje, mwulize sheikh wako.

Nilikuwa natumia unga. Utanipokea?

Nitakupokea, na sitakuuliza kwa nini ulianza kwa sauti ya kushitaki. Wengi walianza ili wasihisi. Kuacha unga bila ya kushughulika na maumivu yaliyoko chini yake ndiko kunakowarudisha watu maskani. Tutafanya kazi pamoja na soba hausi yako, nyumba ya wanaoacha unga, au kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga.

Mimi mwanamme. Haya yalinipata nikiwa mdogo, na sijawahi kumwambia mtu.

Wewe si wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho. Wavulana hudhalilishwa, hapa kwetu pia, na hunyamaza zaidi kwa kuogopa jina watakaloitwa. Kilichokupata hakikuufanya uanaume wako kuwa pungufu na hakiamui utakuwa mtu gani. Soma tena jibu la "Kwa nini sikupiga kelele", kila neno linakuhusu.

Nina jambo ambalo jamii yetu haitaki hata litajwe. Utanifukuza?

Hapana. Amekuja aliyezaa nje ya ndoa, aliyetoka katika dini ya wazee wake, anayevutiwa na jinsia yake. Kwa huyu wa mwisho naeleza wazi: Shirika la Afya Duniani liliacha kulihesabu jambo hilo kuwa maradhi mwaka 1990, kwa hiyo sina cha kukutibu hapo na sitajaribu kukubadilisha. Ninachoweza kutibu ni hofu, vipigo, upweke na kujichukia. Sheria ya Zanzibar ni kali, na ndiyo sababu jambo hilo siliandiki kwenye daftari, na nakusihi usilitume kwa ujumbe wa simu. Njoo tulizungumze uso kwa uso.

## Mambo ya dharura

Nimebakwa, leo au jana. Nifanye nini?

Nenda hospitali sasa, hata kama hutaki kushitaki. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa ina thamani. Dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi mpaka siku tano, lakini mapema ni bora. Kama unaweza, usioge wala usifue nguo kwanza. Zitie kwenye mfuko wa karatasi au kitambaa, si wa nailoni. Kama umeshaoga, nenda hivyo hivyo. Uliza kituo cha Mkono kwa Mkono, kipo Mnazi Mmoja na katika hospitali nyengine za Unguja na Pemba. Pale unakuta daktari, polisi na ustawi wa jamii pamoja, husimulii upya kwenye kila mlango.

Nafikiria kujiua.

Usikae peke yako usiku huu. Mwamshe mtu, mwambie maneno hayo hayo, bila kuyapunguza. Akusaidie kuondoa chumbani dawa, sumu na chochote ulichokifikiria. Nendeni hospitali iliyo karibu mkaseme ni dharura. Mawazo haya huja kwa mawimbi na wimbi hupungua. Kazi ya usiku huu ni moja tu, kufika asubuhi ukiwa na mtu. Mimi nipigie ukishakuwa naye.

Rafiki yangu ameniambia jambo zito sasa hivi. Nimjibu nini?

Sema: "Nakuamini. Si kosa lako. Unataka nifanye nini?" Usiulize kwa nini alikwenda, alivaa nini, alikuwa na nani. Usiahidi kutomwambia mtu yeyote kama ni mtoto au maisha yake yako hatarini. Mwambie tutatafuta pamoja mtu wa kumwambia. Mpe maji, mfunike kanga akiwa anatetemeka, kaa naye. Kwa mtoto, 116. Kwa hatari iliyoko mlangoni, polisi 112. Ufuatane naye mpaka hospitali, ubaki nje ya chumba cha daktari mpaka atoke, kwa sababu atatoka akitafuta uso anaoujua.